Kumtafuta Manamba Katika Milima ya Buha

Ndugu msomaji, ikiwa ulizaliwa au ulilelewa katika Mkoa wa Tanga, bila shaka neno hili ulilisikia tangu ukiwa mdogo. Mimi nililisikia kwa mama yangu, pale Korogwe, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tulipogombania mpira uani na kupiga makelele hata majirani wakatoka nje, mama alisimama mlangoni na kutukemea: "Nyamazeni! Mnafanya fujo kama manamba!" Nasi tulinyamaza papo hapo, kwa sababu tuliamini kwamba mtoto wa watu hawezi kuambiwa neno baya kuliko hilo. Kaka yangu mkubwa alipoanza kuvaa kofia upande na kurudi nyumbani usiku wa manane, baba hakumwita mlevi wala mwizi. Alimwambia kwa upole, "Mwanangu, unakuwa manamba," na kaka akalia.

Manamba wenyewe tuliwaona Jumamosi za mshahara. Walishuka mjini kutoka kambi za mkonge, wengi wao wakiwa watu wazima kabisa, wakanunua kanga na mafuta ya taa, wakanywa, wakaimba kwa lugha tusiyoifahamu, na pengine wakapigana. Sisi watoto tuliwafuata kwa mbali tukiwaita jina lao. Sikumbuki hata mmoja aliyetugeukia na kutupiga. Sikujiuliza pia walikuwa wametoka wapi, ingawa baba yangu alikuwa karani katika shamba moja la mkonge na daftari lao lililala juu ya meza yetu mara nyingi.

Jibu la swali nililosahau kuuliza nililipata uzeeni, tena kwa aibu.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu alichumbia binti wa Kasulu. Kwa kuwa baba yake ametangulia mbele ya haki, ilinibidi mimi, mjomba, niongoze ujumbe wa kupeleka mahari. Tulifika Kigoma, ule mji uitwao mwisho wa reli, na asubuhi yake tukapanda gari la Kasulu. Mpaka Kidahwe barabara haina jambo la ajabu. Hapo inaiacha njia ya Uvinza na kuanza kupanda, na abiria wenyeji huanza kufunga vifungo vya makoti. Ziwa Tanganyika liko mita 773 tu juu ya usawa wa bahari, na Kasulu mjini ni zaidi ya mita 1,200. Joto la ziwani unaliacha nyuma kama mtu anayevua shati. Migomba huanza kuonekana mabondeni, kisha mashamba ya maharage yaliyolala ubavuni mwa vilima, kisha mibuni, kisha ukungu. Mimi niliyezoea Tanga, nchi ya mistari iliyonyooka ambako mkonge umepandwa kama askari wa gwaride, sikuacha kushangaa kuona ardhi isiyo na mstari hata mmoja ulionyooka.

Waha wana salamu ndefu. Usidhani kwamba utaingia ndani, useme "hamjambo", ukae. Wanaume kwa wanawake hupiga makofi taratibu huku wakiinama kidogo, wakiulizana habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe na za safari, na kila jibu hupokelewa kwa makofi mengine. Tulisalimiwa hivyo na watu kumi na mmoja. Mwenzangu mmoja alininong'oneza kwamba, kwa mwendo huu, mahari tutaitoa usiku. Mimi nilifurahi, kwa kuwa sijaona mahali pengine ambapo mgeni hufanywa ajione mtu kiasi hicho.

Tulipokwisha kula, zikapita pikipiki tatu barabarani, zimebeba vijana wanne wanne, honi zinalia, mmoja wao amesimama akipunga shati. Nikataka kuchangamsha baraza. Nikasema, "Kumbe hata huku mnao manamba!"

Hapana aliyecheka. Wakwe zetu walitazama chini. Babu wa bibi harusi, mzee anayekaribia miaka tisini, aliyekuwa ameketi penye kiti cha pembeni na fimbo yake, akaniangalia kwa utulivu na kusema: "Mwanangu, wale ni vijana wa bodaboda. Manamba hapa ni mmoja tu, naye nimeketi."

Ndugu msomaji, sijui kama wewe umepata kutamani ardhi ipasuke. Nilianza kuomba radhi, lakini mzee akanikatiza. Akauliza ninatoka wapi. Nikamwambia Korogwe. Hapo uso wake ukabadilika, akasogeza kiti, akasema: "Namba yangu ilikuwa mia sita arobaini na mbili." Mwaka wake wa kuzaliwa haujui kwa hakika, wajukuu wanaukisia. Namba anaijua.

Kabla sijakusimulia aliyoniambia, yafaa nieleze kidogo jinsi mtu wa milima hii alivyopata kuwa na namba.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, ambaye aliagiza miche kutoka Florida, Marekani; iliyofika hai ni 62 tu. Kutoka miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyofunika Tanga na sehemu kubwa ya Morogoro. Lakini mkonge una miiba, una kazi ngumu, na wenyeji wa pwani waliokuwa na minazi na mashamba yao hawakuona sababu ya kuuendea kila siku. Ikabidi watu watafutwe mbali. Wakubwa wa kikoloni waliangalia ramani, wakachagua nchi zilizo mbali na soko, wakaziacha bila zao kubwa la biashara, kisha wakadai kodi kwa fedha. Buha ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Kasulu, yaani Heru ya zamani, pamoja na Muhambwe na Buyungu katika upande wa Kibondo, zilikuwa falme zenye wami wao, zenye ng'ombe na chakula. Fedha ndiyo haikuwako. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 wengi walitazamia kwamba italeta biashara. Ilikuja kubeba watu. Utawala nao ulibadilika: Wabelgiji waliishika nchi hii kutoka 1916 hadi 1921, wakaja Waingereza, lakini kodi haikusahauliwa na yeyote kati yao. Miaka ya 1930 wakazi wa sehemu nyingi walihamishwa na kukusanywa pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na waliohamishwa hupoteza mashamba yao. Kijana asiye na shamba, anayedaiwa kodi, hahitaji kushawishiwa sana.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, nacho wananchi wakakiita SILABU. Mwanahistoria Laurent Sago, katika utafiti uliotolewa mwaka 1983 pamoja na kazi za Walter Rodney na Kapepwa Tambila, aliita Kigoma ghala la nguvukazi. Nadhani hakukosea. Ghala ni mahali pa kuchota, na anayechota huwa hatazami kinachobaki.

Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo alisafirishwa, alipangiwa kambi, alipewa posho na alilipwa. Majina ya Kiha yaliwashinda makarani (na mmoja wa makarani hao, kama nilivyokwisha kusema, alikuwa baba yangu). Waliitwa kwa namba. Basi wakawa "manamba". Sarufi haina hatia hapa. Kiswahili huyapa maneno ya kigeni yanayotaja watu wingi wa "ma-" bila dharau yoyote: makarani, madereva, mabaharia. Dharau tuliitia sisi tuliokuwa tukikaa mjini.

Mzee aliandikishwa mwaka 1953, yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe, kijana wa Muhambwe. Walipimwa na daktari, wakapewa blanketi, wakapakiwa garini hadi Kigoma, kisha treni. Wakati ule reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijakutana. Hazikuungana hadi njia ya Ruvu hadi Mnyusi ilipofunguliwa mwaka 1963. Kwa hiyo walishushwa njiani na kumalizia safari kwa malori. "Tulifika usiku," alisema. "Asubuhi nikatoka nje ya kambi nikatazama. Kila upande mkonge. Nikamwuliza shemeji, hawa watu wanakula nini?"

Kazi yake ilikuwa kukata. Majani ya mkonge hufungwa mafungu, kila fungu majani 30, na mkataji alitakiwa atimize makumi ya mafungu kabla ya siku yake kuhesabiwa. Siku hizo ziliandikwa katika kipande. Kipande kilikuwa na siku 30 za kazi, na siku ambayo hukutimiza kazi haikuandikwa, hata kama ulitoka jasho tangu alfajiri. Ndiyo maana mwezi wa manamba ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa watu wengine. Mshahara ulingoja kipande kijae. Sasa nilielewa kwa nini Jumamosi zile zilikuwa na makelele. Mtu aliyekaa wiki sita au zaidi akingoja siku 30 zitimie, asiye na mke karibu wala mzazi wa kumwonea haya, akipewa fedha mkononi mchana wa Jumamosi, atakwenda mjini. Nilimwuliza mzee kama ni kweli kwamba walikuwa na fujo. Alicheka kwa mara ya kwanza. "Tulikuwa na fujo sana," akasema. "Nyumbani ningeinamia nani na kumpigia makofi? Kule hakuna aliyenisalimia."

Kuna jambo jingine alilolisema ambalo sikulitegemea. Huku milimani watu husema "alikwenda manamba", kama vile mtu asemavyo alikwenda Ujiji au alikwenda hija. Nimelisikia kwa wazee wa Kasulu na wa Kibondo pia. Tazama, msomaji: Tanga manamba ni mtu, tena mtu wa kuchekwa. Buha manamba ni mahali ambako watu huenda, na wengine hawarudi. Neno moja, na kila upande wa reli unashika ncha yake.

Si neno hili peke yake lililopata mkasa huo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inamweleza mhuni kuwa ni mzururaji, mtu asiye na makao maalumu; ukorofi ulizidishwa baadaye. Katika miaka ya 1940 na 1950 wakoloni walikuwa wakiwakamata "wahuni" mitaani Dar es Salaam na kuwarudisha makwao. Baadhi yao walikuwa ni watu waliokwisha maliza mikataba ya mashamba, wakaona haya kurudi mikono mitupu. Hivyo kijana mmoja aliweza kuwa manamba Korogwe na mhuni Dar es Salaam ndani ya mwaka mmoja, naye hajabadilika hata chembe. Wala tusiwasingizie wakoloni peke yao: mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, sisi wenyewe tuliwasomba wasio na vitambulisho vya kazi mijini na kuwapeleka mashambani. Machinga nao ni watu wa Lindi, wenye lugha yao na makaburi ya babu zao. Leo kila mchuuzi wa barabarani ni machinga, awe Msukuma au Mgogo. Na Nairobi, neno lile lile "manamba" limewaangukia vijana wanaoning'inia milangoni mwa matatu na kuita abiria, wanaoogopwa kwa matusi na kusukuma watu. Huko matatu huenda kwa namba za njia, 46 ya Kawangware, 58 ya Buruburu. Nilipomwambia mzee habari hiyo alifikiri kidogo, akauliza kama vijana hao nao hulipwa kwa kipande.

Jioni, mahari ilipokwisha pokewa, mzee aliniita kando. "Tulikwenda wawili," akasema. "Mkataba ulipokwisha, mwaka 1957, nikarudi. Shemeji akasema atafuata baada ya kipande kimoja zaidi. Mke wangu amekufa akiniuliza. Yuko mdogo wake Kibondo, naye huniuliza. Wewe ni mtu wa kule. Nenda ukamsalimie, mimi nimekwisha shindwa kumjibu."

Nawezaje kukataa? Kesho yake nilishika njia ya Kibondo. Inapita Makere, jirani na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na ambayo baadaye ilipokea Warundi wengi. Nilifikiri juu ya nchi hii ambayo kwa miaka hamsini ilitoa vijana wake, kisha ikapokea watu wa nchi nyingine kwa maelfu. Mbele zaidi tuliuvuka Malagarasi. Mto huu una tabia ya ajabu: huanzia mpakani mwa Burundi, huingia bara, hupita mabwawa ya Moyowosi, halafu hugeuka na kurudi magharibi hadi ziwani, karibu na kule ulikoanzia. Dereva alinieleza hayo kwa fahari kama kwamba mto ni wa baba yake.

Kibondo ni pakavu na pana kuliko Kasulu. Miti ya miombo inasogea barabarani, na asali huuzwa katika chupa zilizokuwa na maji ya kunywa. Bibi anakaa kijijini, upande wa kuelekea Mabamba, sokoni penye mpaka ambako Warundi na Watanzania hukutana kuuziana maharage na ndizi. Nilimkuta anachambua maharage barazani. Salamu zilikuwa zile zile, za makofi, nami safari hii nilijitahidi kuzifuata, mjukuu wake mmoja akijificha nyuma ya mlango na kucheka.

Alipoambiwa kwamba natoka Korogwe, aliweka ungo chini. "Baba," akaniambia, "basi umemwona kaka yangu."

Nilimweleza kwamba Tanga ni kubwa. Nilimweleza kwamba mashamba yalikuwa mengi, kwamba utaratibu wa kuandikisha ulikoma miaka michache baada ya Uhuru, kwamba mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, kwamba bei ya mkonge ilianguka nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni, kambi nyingi zikabomoka na watu wakatawanyika. Alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akauliza, "Na ni mnene au mwembamba?"

Halafu akanieleza kinachomnyima usingizi. Kaka alipoondoka, boma lao lilikuwa mlimani, penye mti mkubwa ambao kila mpita njia aliujua. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, na watu wa milimani wakahamishiwa vijijini, kando ya barabara. Nyumba ya zamani ilibomolewa, na mti ukakatwa miaka iliyofuata. Bibi hakuilalamikia operesheni; watoto wake walipata shule karibu, na zahanati. Alisema tu kwamba kaka yake haujui mahali hapa. Labda alirudi. Labda alipanda mlima na blanketi lake, akakuta pori, akadhani wamekufa wote, akageuka. Miaka yote hii amekuwa akilifikiria hilo.

Sikuwa na la kusema. Nilitoa karatasi, nikaandika jina la kaka yake, la baba yao na la mlima. Nikauliza kama anaijua namba yake. Alitikisa kichwa. Namba, alisema, ni jambo la kule.

Nimerudi Korogwe na nimeuliza katika kambi tatu za zamani. Wapo wazee wenye asili ya Buha, wapo watoto wao wanaozungumza Kisambaa kuliko Kiha, na yapo makaburi yasiyo na maandishi. Daftari za baba zilichomwa zamani, tulipohama nyumba ya shamba. Bado sijampata.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Korogwe, Muheza, Pangani au Handeni, hata wa Kilosa na Ngerengere: ikiwa nyumbani kwenu yuko, au alikuwako, babu aliyetoka Muhambwe mwaka 1953 na kukata mkonge, mtafutie nafasi leo Jumapili umwulize alizaliwa mlima gani. Ikiwa amekwisha fariki, waulize waliomzika. Na ikiwa majibu yanaelekea Kibondo, mwambie, au waambie wanawe, kwamba nyumba ilihama mwaka 1972, haikufa. Iko chini, kando ya barabara ya Mabamba, na dada yake angali hai.